Mkono Ulio Karibu na Mzee: Mambo Ambayo Msaidizi wa Muuguzi Hana Budi Kuyajua

Matini ya mazungumzo kwa familia zizungumzazo Kiswahili zenye wazee katika makao ya uuguzi nchini Marekani



Najua kwamba wengi wenu mmemkabidhi mzazi, au mnafikiria kumkabidhi, mikononi mwa watu msiowafahamu. Najua pia kwamba jambo hili ni zito kwetu, kwani tulilelewa tukiamini kuwa mzazi hutunzwa na mwanawe, chini ya paa la mwanawe. Sikuja kuwahukumu wala kuwatetea. Nimekuja kuzungumzia namna ya kujua kama mzee wenu anatunzwa ipasavyo.

Tunapofika katika makao ya uuguzi, swali letu la kwanza huwa ni la daktari: ni nani, na huja lini? Ni swali jema. Hata hivyo, kanuni za taifa zinamtaka daktari amwone mkazi walau mara moja katika kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo, na baada ya hapo walau mara moja katika kila siku 60. Muuguzi mwenye leseni husimamia zamu na kutoa dawa. Lakini anayemwamsha mzee, anayemwosha, anayemvika, anayemlisha, anayempeleka msalani na kumgeuza kitandani usiku wa manane ni msaidizi wa muuguzi. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuuona mwili wa mzee wenu kila siku. Kwa hiyo, huyu ndiye mtu ambaye ujuzi wake tunapaswa kuuelewa.

Sheria inataka nini

Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha makao ya uuguzi yanayopokea fedha za Medicare na Medicaid. Sheria hiyo iliweka haki za wakazi, na iliweka pia kiwango cha chini cha mafunzo ya wasaidizi wa wauguzi. Kiwango hicho ni saa 75. Kati ya hizo, saa zisizopungua 16 ni za mazoezi ya vitendo chini ya usimamizi. Aidha, kabla mwanafunzi hajamgusa mkazi yeyote, lazima awe amefundishwa kwa saa zisizopungua 16 mambo matano: namna ya kuzungumza na watu, kuzuia maambukizi, usalama na dharura ikiwamo kumwokoa mtu aliyekabwa na chakula, kumwachia mkazi uhuru wa kujifanyia analoweza, na kuheshimu haki zake.

Baada ya mafunzo kuna mtihani wa sehemu mbili: wa maandishi au wa mdomo, na wa kuonyesha kazi kwa mikono. Anayefaulu huandikwa katika daftari la jimbo. Daftari hilo huandika pia iwapo imethibitika kwamba mtu huyo aliwahi kumtesa mkazi, kumtelekeza au kumwibia mali yake. Makao hayaruhusiwi kumwajiri mtu mwenye doa la namna hiyo. Tena hayaruhusiwi kumtumia mtu kama msaidizi wa muuguzi kwa zaidi ya miezi minne bila mtu huyo kukamilisha mafunzo na kufaulu. Na kila mwaka msaidizi anapaswa kupata mafunzo ya nyongeza yasiyopungua saa 12.

Yapo majimbo yanayodai zaidi ya hapo. California na Maine, kwa mfano, zinataka saa nyingi kuliko maradufu ya kiwango cha taifa. Ulizeni jimbo lenu linataka saa ngapi. Daftari nalo si siri. Mwananchi ana haki ya kuulizia kama jina fulani limo, na kama lina doa.

Hata hivyo, tuipime hesabu hii kwa makini. Saa 75 ni pungufu ya majuma mawili ya kazi. Zinatosha kumfundisha mtu mwenye moyo misingi ya kazi. Hazitoshi kumfundisha kwamba mama yako hali chakula kilichopoa, kwamba baba yako sikio lake la kushoto halisikii, au kwamba shangazi yako akinyamaza ghafula ana maumivu. Hayo mnayajua ninyi. Msaidizi anaijua kazi, nanyi mnamjua mtu. Utunzaji mwema huanza pale elimu hizi mbili zinapokutana.

Mambo ya kutazama mnapomtembelea

Sasa niwaeleze ujuzi ambao kila msaidizi wa muuguzi anapaswa kuwa nao, ili mnapomtembelea mzee mjue mnachokitazama.

La kwanza ni mikono. Msaidizi hunawa kwa sabuni kwa sekunde zisizopungua 20, au hutumia dawa ya kusafishia mikono, kabla ya kumhudumia mkazi na baada ya kumhudumia. Glavu si badala ya kunawa. Mtu aliyevaa glavu zilezile kutoka kitanda kimoja hadi kingine anahamisha maradhi.

La pili ni heshima. Msaidizi hubisha hodi, hata kama mlango uko wazi. Humwita mzee kwa jina analopenda mwenyewe kuitwa, hujitambulisha, hueleza anachotaka kufanya kabla ya kukifanya, na hufunga pazia kabla ya kumvua nguo. Anamfunika sehemu asiyoiosha. Hazungumzi na mwenzake juu ya kichwa cha mzee kana kwamba mzee hayupo. Kwa mila zetu hayo ni adabu ya kawaida. Hapa ni haki iliyoandikwa.

La tatu ni kumvika na kumwinua. Mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi huvikwa kuanzia upande ulio dhaifu, na huvuliwa kuanzia upande ulio na nguvu. Kabla ya kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, msaidizi hushusha kitanda, hufunga breki za kiti, humvika mzee viatu visivyoteleza, na humfunga kiunoni mkanda maalumu wa kumshikia. Hamvuti kwa mikono wala kwa makwapa, kwani bega la mzee huteguka upesi. Iwapo mpango wa matunzo unasema kazi hiyo ni ya watu wawili au ya mashine ya kuinulia, mtu mmoja asiifanye peke yake, hata akiwa na haraka.

La nne ni chakula. Mzee hulishwa akiwa ameketi wima, tonge ndogo moja baada ya nyingine, na msaidizi husubiri ameze kabla ya kumwongezea. Baada ya kula hubaki ameketi kwa takriban nusu saa. Mzee anayelishwa akiwa amelala hupaliwa kwa urahisi, na chakula au maji yakiingia mapafuni yanaweza kumletea nimonia. Hapa nanyi mna wajibu. Mnapomletea uji, ugali au mchuzi wa nyumbani, mwambieni muuguzi kwanza. Huenda daktari ameagiza vinywaji vizito tu, au chakula kisicho na chumvi. Upendo wetu usije ukawa chanzo cha madhara.

La tano ni choo. Mwanamke hupanguswa kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie katika njia ya mkojo. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko wake hukaa chini ya usawa wa kibofu, tena usiguse sakafu. Na mzee anayeweza kwenda msalani akisaidiwa asivalishwe nepi kwa sababu tu wafanyakazi ni wachache. Kanuni zinayataka makao yamsaidie kuulinda uwezo alionao.

La sita ni ngozi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia upande mmoja muda mrefu. Vidonda hivyo huanzia mahali ambapo mfupa u karibu na ngozi: visigino, nyonga, viwiko, mwisho wa uti wa mgongo. Kinga yake ni kumgeuza kwa ratiba, mara nyingi kila baada ya saa mbili au kama mpango wa matunzo unavyoagiza, kumweka mkavu na kumlisha vizuri. Vitabu vingi husema kwamba dalili ya kwanza ni wekundu usioondoka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Tazameni mahali palipobadilika rangi kuliko ngozi iliyo jirani. Papaseni muone kama pana joto, pamekuwa pagumu au pamelegea. Muulizeni mzee kama panauma. Mwombeni msaidizi naye atazame hivyo.

Pia jueni mipaka ya kazi yake. Msaidizi wa muuguzi hatambui maradhi, habadilishi agizo la daktari, wala hapigi sindano. Dawa nazo si kazi yake, isipokuwa katika majimbo yanayompa cheti cha ziada cha kuzitoa chini ya usimamizi. Msimshinikize kufanya asiloruhusiwa, hata kama nia yenu ni njema.

Jicho linaloona na ulimi unaosema

Nimetaja ujuzi wa mikono. Lakini upo ujuzi mmoja unaozidi yote hayo, nao ni kuona mabadiliko madogo na kuyasema mapema.

Mzee aliyekuwa akimaliza sahani sasa anaacha nusu. Aliyekuwa akitembea hadi dirishani sasa anaomba kiti. Mtu mpole amekuwa mkali tangu jana jioni. Kila jambo peke yake laonekana dogo. Lakini kwa mzee maambukizi yanaweza kuanza bila homa, na kuchanganyikiwa kwa ghafula kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya maradhi ya njia ya mkojo au ya mapafu. Haitoshi kusema kwamba ni uzee tu. Uzee hauji kwa usiku mmoja.

Ndiyo maana msaidizi hufundishwa kuhesabu mapigo ya moyo na pumzi, kupima uzito, kuandika alichokipima hasa wala si alichokikisia, na kumwarifu muuguzi bila kuchelewa. Mzee akipoteza asilimia 5 ya uzito wake katika mwezi mmoja, hilo ni jambo la kushughulikiwa. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo tatu tu. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mwili wa mzee ukuta huo mara nyingi haujengeki tena.

Basi mnapofika, badala ya kumuuliza msaidizi, "Mama hajambo?" muulizeni, "Umeona nini kilichobadilika kwa mama juma hili?" Swali la kwanza hujibiwa kwa neno moja. La pili humwambia kwamba mnathamini macho yake. Nanyi mkiona mabadiliko, mwambieni yeye na muuguzi wa zamu siku ileile.

Mzee aliyerudi katika lugha yake

Wapo wazee wetu wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu ambao walizungumza Kiingereza kwa miaka mingi, na sasa wamerudi katika Kiswahili au katika lugha ya mama. Msaidizi asiyeelewa anaweza kudhani kwamba mzee anapayuka, kumbe anaomba maji.

Makao yanayopokea fedha za serikali ya taifa yanapaswa kutoa msaada wa lugha bila malipo. Msingi wa haki hiyo ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Msikubali mtoto mdogo au mkazi mwingine afanywe mkalimani katika mambo ya matibabu. Na kwa mahitaji ya kila saa, andikeni karatasi yenye maneno kumi hivi: maji, choo, maumivu, baridi, njaa, nimechoka, na mengine ya mzee wenu mwenyewe, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Ibandikeni karibu na kitanda, mzee akiridhia.

Msaidizi aliyefunzwa vizuri hambishii mzee aliyepoteza kumbukumbu. Humkaribia kwa mbele, huzungumza taratibu, humpa jambo moja kwa wakati. Mzee akikataa kuoga, hutafuta sababu. Huenda maji ni baridi. Huenda mama anaona haya kuvuliwa nguo na kijana wa kiume. Anayo haki ya kusema angependa ahudumiwe vipi na nani, na makao yanapaswa kujitahidi kulitimiza hilo. Kumfunga kwenye kiti, au kumpa dawa ya kumlaza ili asiwasumbue wafanyakazi, ni kinyume cha sheria.

Mahali pa kusema

Ndani ya saa 48 tangu mzee apokewe, makao yanapaswa kuwa na mpango wa mwanzo wa matunzo, na kumpa mzee au mwakilishi wake muhtasari wake. Tathmini kamili hufanywa ndani ya siku 14, na mpango kamili hukamilishwa ndani ya siku saba baada ya tathmini hiyo. Kisha hupitiwa upya walau kila baada ya miezi mitatu. Mzee ana haki ya kushiriki na kuwaalika anaowataka. Kanuni zinataka msaidizi wa muuguzi anayemhudumia mkazi awe mmoja wa kundi linaloandaa mpango huo. Ulizeni: "Msaidizi wa mama yuko wapi katika kikao hiki, au maoni yake yameandikwa wapi?"

Vilevile, kila siku makao yanatakiwa kubandika mahali pa wazi idadi ya wauguzi na wasaidizi walioko katika kila zamu. Isomeni. Ripoti ya ukaguzi wa mwisho wa jimbo nayo inapaswa kuwekwa mahali ambapo yeyote aweza kuisoma bila kuomba. Mkiona msaidizi mmoja amebebeshwa wakazi wengi kupita kiasi, msimlaumu yeye kwanza. Hata mwenye ujuzi hawezi kuwageuza watu wote kwa wakati mmoja. Lalamiko hilo lipelekeni kwa uongozi.

Na ikiwa jambo haliendi sawa? Andikeni tarehe, saa, mlichokiona na mliyezungumza naye. Anzeni na muuguzi wa zamu, kisha mkuu wa wauguzi. Kila makao lazima yawe na mtu wa kupokea malalamiko, na mnayo haki ya kupata jibu lake kwa maandishi. Msiporidhika, kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa makao ya uuguzi, ambaye huwasaidia bila malipo, na lina pia idara inayokagua makao na kupokea malalamiko. Namba ya taifa 1-800-677-1116 itawaelekeza kwa ofisi za eneo lenu. Mkishuku mateso, msingoje kikao. Makao yenyewe yanapaswa kuiarifu idara ya jimbo ndani ya saa mbili. Nanyi mnaweza kuiarifu moja kwa moja, na maisha yakiwa hatarini pigeni 911.

Najua hofu iliyo ndani ya mioyo mingi: "Nikisema, mama ataonewa nikishaondoka." Hofu hiyo haina aibu. Lakini sheria inakataza kulipiza kisasi kwa mkazi aliyelalamika au aliyelalamikiwa na nduguze. Kisasi chenyewe ni kosa jingine la kuripotiwa. Tena mzee ambaye ndugu zake hufika kwa saa mbalimbali, huuliza kwa adabu na huandika wanachoambiwa, ni vigumu kumsahau.

Mwisho, tukumbuke kwamba msaidizi wa muuguzi naye ni mtoto wa mtu. Miongoni mwa jamaa zetu wapo wengi wanaoifanya kazi hii, na mnajua mgongo unavyouma baada ya zamu. Makao mengi huwakataza wafanyakazi kupokea fedha au zawadi, kwa hiyo msimtie mashakani kwa kumpa noti. Mwandikieni mkuu wake barua mkimtaja kwa jina, mkaeleza alilolifanya vizuri. Barua hiyo itaingia katika kumbukumbu zake.

Mtakapokwenda kumtembelea mzee safari ijayo, nawaombeni mambo matatu. Tazameni visigino vyake. Ulizeni uzito wake. Mfahamuni kwa jina mtu aliyemwosha asubuhi ile, na mmweleze jambo moja kuhusu mzee wenu ambalo halimo katika faili.